Laptopu ndogo ya kazi: usiipime kwa upana wa kioo

Rafiki yangu wa Kongowea hununua ndizi Magwagwa, huko Mugirango Kaskazini katika kaunti ya Nyamira. Alikuwa na laptopu ya inchi 15, nzito kama tofali, akiibeba mgongoni kwa bodaboda kutoka shamba hadi shamba. Mvua ya alasiri ikishika umeme hukatika, na betri yake haifiki hata saa moja. Kabla ya Ramadhani, wakati ndizi za futari ndizo pesa, diski ikafa na hesabu zote za wakulima. Ikabidi alipe kwa kukumbuka, na wapo waliokumbuka zaidi yake.

Wengi watasema atumie simu. Kweli, simu inatoa ankara ya eTIMS, na siku hizi mnunuzi anaruhusiwa kumwandikia ankara mkulima mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Lakini wakulima 40, mikungu ya bei mbalimbali na malipo ya M-Pesa ya kulinganisha? Kwenye kioo cha simu makosa hayakwepeki.

Kilichomponza ni ile diski ya zamani. Ndani yake mna sahani inayozunguka, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo mno. Ikitikiswa huku inazunguka, hukwaruzika. SSD haina kinachozunguka.

Sasa, dukani. Laptopu nyingi ndogo zenye nguvu tunazomudu ni zile za mkono wa pili, Ex-UK. ThinkPad X270 memori yake hubadilishwa, lakini prosesa yake ya kizazi cha 6 au 7 haitimizi masharti ya Windows 11, na Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. X280 ni nyepesi zaidi, ila memori yake imechomelewa kwenye ubao: ukinunua ya GB 8, utazeeka nayo. Mimi ningechukua HP EliteBook 830 G5, inchi 13.3, yenye nafasi mbili za memori, baada ya kuhakikisha prosesa ni ya kizazi cha 8. Nyingi huchajiwa kwa USB-C, hivyo pawabenki ya wati 65 inaokoa siku umeme ukipotea. Ile ndogo ya simu haitoshi.

Betri weka bajeti ya mpya. Na muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako dakika 20 bila chaja, aga uondoke.