Dume la Kulishwa Nyasi: Tumtazame Mama Yake Kwanza

Familia nyingi za jamii yetu, hususan zenye mashamba Handeni, Kilindi na Bagamoyo, zimeanza kutia akiba zao katika ufugaji wa ng'ombe wa nyama. Ni jambo la kheri. Hata hivyo twaona fedha za kiinua mgongo, na pengine fungu la mirathi ya mayatima, zikitolewa zote kununua fahali mmoja mkubwa wa asili ya Ulaya kwa kuwa umbo lake limependeza macho. Asiyeweza kununua pumba na mashudu mwaka mzima asiulize ni ng'ombe yupi mkubwa kuliko wote, bali ni yupi atakayezaa na kunenepa kwa nyasi za shambani mwake, Septemba kama Aprili.

Tufanye hesabu. Ng'ombe hula kwa siku malisho yenye uzito mkavu wa takriban asilimia 2.5 ya uzito wake. Jike wa kilo 550 huhitaji karibu kilo 14. Jike wa kilo 300 hutosheka na kilo 7 na nusu. Basi shamba linalolisha majike wakubwa 10 laweza kulisha wadogo 18, nao wadogo watatoa ndama wengi zaidi. Isitoshe, kiangazi nyasi hukauka na protini yake hushuka chini ya asilimia 7, kiwango ambacho tumbo la ng'ombe hushindwa kuzisaga vyema. Jike mkubwa hukonda, na aliyekonda hapandwi akashika mimba. Mimba huchukua siku kama 285. Anayetaka ndama kila mwaka amebakiwa na siku 80 tu za kumrudisha jike katika hali ya kushika nyingine. Faida yote ya nyasi imo katika siku hizo 80.

Ng'ombe wetu wa asili wenye nundu wanastahimili kupe, jua na kiu, lakini hukua polepole. Boran, waliotoka kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kuboreshwa katika mashamba ya Laikipia nchini Kenya, wana nyama nyingi zaidi bila kupoteza ustahimilivu huo. Ranchi za Taifa, kama Kongwa na Mzeri, zimewafuga kwa muda mrefu. Mpwapwa, waliozalishwa Dodoma kwa kuchanganya damu za Sahiwal, Red Sindhi, Boran na ng'ombe wa asili pamoja na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, huwafaa wanaotaka na maziwa ya watoto. Kwa maoni yetu, familia yenye majike wa asili ingebaki nao, ikanunua dume wa Boran. Chotara wa kwanza hupata nguvu ya mchanganyiko; wakipandana chotara kwa chotara, nguvu hiyo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo dume chotara, hata akipendeza vipi, ni wa kuuzwa.

Na dume huchaguliwaje? Huyu mmoja, akiwa na majike 25, ndiye baba wa ndama wote wa mwaka huo. Atazamwe mama yake: amezaa kila mwaka? Ni mpole? Chuchu zake ndama mchanga aweza kuzishika? Kisha zitazamwe korodani, ziwe kubwa na zinazolingana. Tena muuzaji aulizwe dume amelishwa nini, kwa maana unene wa mashudu haurithiwi. Apimwe pia ugonjwa wa kutupa mimba kabla ya kuingizwa zizini. Binti zake wakikaribia kupandwa, aondoke. Wafugaji jirani waweza kubadilishana madume yaliyopimwa. Wenye mtaalamu wa uhimilishaji karibu wanaweza kutumia mbegu za kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, wakaepuka gharama ya kulisha dume.

Lipo jambo moja linalotusikitisha zaidi. Kila Idd al-Hajj inapokaribia, wanunuzi hutaka dume mnene kuliko wote, nasi twampeleka sokoni. Waliobaki zizini, wadogo na wenye kasoro, ndio wanaopanda majike. Baada ya Idd kumi mtu hushangaa mbona ng'ombe wake wamedumaa! Ndama dume bora mmoja au wawili watiwe alama mapema, wasiuzwe kwa bei yoyote, watunzwe kwa kuwapanda majike wasio wa ukoo wao au kwa kubadilishana na jirani. Wengine wahasiwe wangali wadogo. Wanazuoni wengi hawakuhesabu kuhasiwa kuwa kasoro ya udhia, na maksai hunenepa kwa utulivu. Kwa madhehebu ya Shafi, ng'ombe wa udhia awe ametimiza miaka miwili, naye hutosha watu saba. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa iandikwe daftarini, pamoja na jina la baba na la mama, siku ileile ndama anapoanguka.