Simu, nyimbo na mapenzi yasiyosemwa katika Bonde la Rusizi

Katika vijiji vya Bonde la Rusizi, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kamanyola mpaka Uvira, wimbo mpya unaweza kufika bila intaneti. Kijana mmoja akiupakua mjini, kesho yake uko kwenye flashi ya dereva, keshokutwa kwenye kibanda cha kuchajia simu pale Sange, Luberizi au Mutarule. Kutoka hapo watu wanarushiana kwa Bluetooth au kwa programu ya Xender, bila kuchoma hata mega moja. Fally Ipupa anafuatana na Diamond Platnumz, kisha inaingia kwaya ya Kipentekoste, kisha tena rumba. Bafle la kibandani halimuulizi msikilizaji anampenda nani.

Swali hilo lina wenyewe. Shangazi anauliza, baba mdogo anauliza, mchungaji naye anauliza: utatuletea bibi lini? Kwa kijana wa kiume anayempenda mwanamume mwenzake, au msichana ambaye moyo wake uko kwa msichana, jibu la kweli linaweza kumfukuzisha nyumbani. Basi anacheka, anasema bado anatafuta mahari, anaweka visikizi masikioni. Ndani ya simu ile ile yenye nyimbo za kila mtu, ana maisha yake mengine.

Wapo watakaosema kwamba mahali kama Mutarule habari hizi ni anasa. Jina la kijiji hicho lilifika kwenye magazeti ya dunia kwa sababu ya usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu zaidi ya 30 walipouawa, baadhi yao wakiwa kwenye ibada. Bonde limeona vita, mafuriko na kipindupindu. Nani ana nafasi ya kufikiria mapenzi ya watu wachache? Hoja hiyo inasikika mara nyingi, na haina nguvu. Waliozika ndugu zao ni watu wa kila namna, na kati yao wamo wanaopenda watu wa jinsia yao. Msiba hauwafuti. Unawaongezea mzigo tu, maana hata katika kulia hawawezi kusema waliyempoteza alikuwa nani kwao.

Sheria yenyewe hapa inabadilika kwa kuvuka mto Rusizi. Upande wa Kongo hakuna kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inaweka ndoa kwa watu wa jinsia tofauti, na miswada iliyotaka kuwafunga mashoga, mmoja wa 2010 na mwingine wa 2013, haikupita bungeni. Kinachotumika ni kosa la kuvunja maadili hadharani, ambalo askari anaweza kulivuta apendavyo mpaka mtu atoe pesa. Ng'ambo ya Rusizi mambo ni mengine. Aprili 2009 Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alitia saini sheria ya jinai ambayo kifungu chake cha 567 kiliweka kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Februari 2023 watu 24 walikamatwa mjini Gitega kwenye semina ya shirika linaloshughulika na UKIMWI. Desemba ya mwaka huo huo, akiwa Cankuzo, Rais Évariste Ndayishimiye alisema hadharani kwamba mashoga wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Mkulima wa upande wa Kongo anayepalilia mpunga karibu na maji anaiona nchi hiyo kwa macho yake.

Katika Afrika Mashariki, aliyewafundisha wengi kuyasema mambo haya kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona, alikuwa mwandishi kutoka Nakuru, Kenya. Binyavanga Wainaina alizaliwa mwaka 1971. Mama yake alikuwa Mganda wa Kisoro, karibu kabisa na mpaka wa Bunagana, kwa hiyo upande mmoja wa ukoo wake ulitazamana na Kivu. Safari yake ya uandishi haitenganishwi na kompyuta na intaneti. Hadithi iliyompatia Tuzo ya Caine mwaka 2002, inayosimulia safari iliyoishia kwenye mkusanyiko wa ukoo huko Kisoro, ilitoka kwanza kwenye jarida la mtandaoni, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba maandishi ya kwenye skrini ni fasihi. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? alilolianzisha na wenzake jijini Nairobi lilitoa toleo lake la kwanza. Hata makala yake maarufu ya kuwakejeli wanaoandika vibaya kuhusu Afrika, iliyochapishwa na jarida la Granta mwaka 2005, ilianza kama barua pepe ya hasira.

Na alipenda muziki kuliko watu wengi wanaojiita wapenzi wa muziki. Kitabu chake cha kumbukumbu cha 2011 kimejaa redio, kaseti na disko. Brenda Fassie, malkia wa Afrika Kusini aliyefariki Mei 2004, ana nafasi ya pekee humo. Brenda hakuficha kwamba aliwapenda wanawake, na miaka hiyo hiyo wimbo wake Vulindlela ulikuwa ukichezwa kwenye harusi kutoka Cape Town hadi Nairobi, bibi harusi na mashangazi zake wakiucheza pamoja. Binyavanga alimwandika kwa mapenzi makubwa. Ila juu yake mwenyewe, katika kitabu chote hicho, alinyamaza.

Ukimya huo ulikatika Januari 2014. Wiki chache kabla, bunge la Uganda lilikuwa limepitisha mswada dhidi ya mashoga, na Nigeria nayo ikatia saini sheria yake. Binyavanga, akitimiza miaka 43, alitoa mtandaoni makala fupi aliyoiita sura iliyopotea ya kitabu chake. Humo anajiwazia yuko kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa, mwaka 2000, akimwambia kwamba yeye ni shoga. Mama alikuwa ameshafariki na hakuambiwa kamwe. Katika siku chache makala hiyo ilisomwa nchi nyingi, na yeye akaongeza video sita kwenye YouTube.

Video hizo zinastahili kutazamwa mpaka leo. Mtu ameketi mbele ya kamera, bila mapambo. Anazungumza juu ya shule zinazofundisha watoto kukariri, juu ya wahubiri wanaoona pepo kila mahali, juu ya Mwafrika na uhuru wa kuwaza. Ushoga unaingia na kutoka katika mazungumzo kama unavyoingia na kutoka katika maisha ya mtu yeyote. Hapo ndipo ukubwa wa alichokifanya. Kabla yake, redio na magazeti ya eneo letu yalikuwa yamemzoea shoga kama mshtakiwa au kama maiti: mwaka 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu likitaka wanyongwe, na Januari 2011 mwanaharakati David Kato, mmoja wa walioonyeshwa humo, aliuawa nyumbani kwake. Binyavanga akaja na shoga mwenye maoni kuhusu mitaala ya shule na nyimbo za harusi. Tarehe 1 Desemba 2016, Siku ya UKIMWI Duniani, akaandika kwenye Twitter kwamba anaishi na VVU na kwamba ana furaha. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ikakataa kufuta vifungu vya sheria ya kikoloni vinavyoadhibu mapenzi ya jinsia moja.

Muziki nao ulikuwa umeshaingia kwenye mzozo. Februari 2016 kundi la Art Attack la Nairobi lilitoa toleo lake la Same Love, wimbo ambao Macklemore na Ryan Lewis wa Marekani waliutoa mwaka 2012, na kuweka ndani yake habari za Kenya na za Uganda. Bodi ya filamu ya Kenya ikaupiga marufuku na kuitaka Google iiondoe video kwenye YouTube katika muda wa wiki moja. Google haikuiondoa, iliweka onyo tu mwanzoni. Kelele za marufuku zikawa tangazo, na watu ambao wasingeusikia kamwe wakautafuta. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu juu ya wasichana wawili wanaopendana, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes. Ilipigwa marufuku nyumbani, kisha Septemba 2018 mahakama ikairuhusu kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa.

Zanzibar ilikuwa na kisa chake mapema zaidi. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Mwaka 2006 mkahawa uliobeba jina lake ulipotaka kusherehekea miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga kwa sababu ya maisha yake ya mapenzi, na sherehe haikufanyika. Tangu 2019 ana jumba la makumbusho mji huo huo. Wimbo wake wa mabingwa, wa mwaka 1977, unapigwa kila timu inaponyanyua kombe, na wanaouimba kwa nguvu kwenye viwanja vya mpira wengi wao hawajui hata aliyeutunga ni nani.

Lakini teknolojia iliyobeba nyimbo hizi haimpendelei mtu. Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wamtumie majina ya mashoga, akatangaza na kikosi cha kuwatafuta, mitandao ya kijamii ikiwa mojawapo ya mahali pa kupekua. Serikali ya Tanzania ilisema hayo yalikuwa maoni yake binafsi, ila watu walikuwa wameshaanza kuhama nyumba. Sheria ya Uganda ya 2023 inafika kifungo cha miaka 20 kwa anayehukumiwa kwa kueneza ushoga, na maneno ya mtandaoni yamo. Na kuna wezi wa kawaida kabisa. Mtu anafungua akaunti ya uongo, anaandika maneno matamu, anapanga mahali pa kukutana, kisha anatokea na wenzake watatu na kamera. Picha zinageuka deni lisiloisha: tuma pesa, la sivyo tunampelekea baba yako. Waliofanyiwa hivyo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ni wengi, na hawaendi polisi, maana kulalamika ni kujitaja.

Kwa hiyo watu wamejifunza kujilinda. Jina la mpenzi linahifadhiwa kama la dada wa kwaya au fundi wa pikipiki. Ujumbe wa WhatsApp unapangwa ujifute wenyewe. Anayekutana na mtu kwa mara ya kwanza anachagua mahali pa wazi, mchana, na kumwambia rafiki mmoja anayemwamini. Simu haiachwi mezani bila nywila. Haya ni mambo ya maana kuliko mahubiri mengi, na yangestahili kufundishwa wazi.

Hatari nyingine ni mtandao wenyewe kuzimwa. Kongo ilikatiwa intaneti kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ikarudi tarehe 19 Januari 2019. Mfanyabiashara alihesabu hasara yake, mwandishi wa habari naye akalalamika, kwa haki. Ila kijana ambaye watu pekee wanaomjua jinsi alivyo wako Bukavu, Kinshasa au Nairobi, na wote wako ndani ya simu, alikaa siku hizo karibu ishirini akiwa peke yake kabisa. Hasara yake haikuandikwa popote.

Msaada wa karibu na bonde ulikuwa Bukavu. Huko shirika la Rainbow Sunrise Mapambazuko lilikuwa likitetea haki za wapenzi wa jinsia moja kwa miaka mingi. Kabla ya vita kusogea, kijana wa Mutarule au Luvungi aliyepata nauli na kisingizio cha kupanda milima hadi Bukavu angeweza kukutana ana kwa ana na mtu mwenye kumsikiliza.

Kisha vita vikasogea. Februari 2025 Bukavu ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi, wengi wakivuka Rusizi na kufikia Rugombo, mkoani Cibitoke. Desemba ya mwaka huo vita vilipofika Uvira yenyewe, watu wakavuka tena. Kati yao walikuwamo waliotoka nchi ambayo mapenzi yao hayatajwi na sheria, wakaingia nchi inayoyaadhibu kwa kifungo. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lina mwongozo tangu Oktoba 2012 unaotambua kwamba mtu anaweza kuomba hifadhi kwa sababu ya mapenzi yake, na kwamba ahojiwe kwa faragha na kwa heshima. Lakini mhojiwa akiona mkalimani aliyeketi mbele yake ni mtu anayesali na mjomba wake, atajibu kwamba alikimbia risasi, na jibu hilo litakuwa kweli. Wanaopanga mahojiano hayo wanaweza kuleta mkalimani kutoka mkoa mwingine, na wanaweza kumuuliza mtu, kabla ya swali lolote, kama anamfahamu anayemtafsiria.