Busia, Mpaka Unaovukwa kwa Miguu

Sogeeni hapa, wanangu, niwasimulie jinsi msafara wa basi unavyoingia Uganda.

Tuseme darasa lenu limeondoka Nairobi jioni. Nakuru mmeipita mkiimba; Kisumu wengi mmelala. Alfajiri basi linapunguza mwendo. Nje malori yamepanga foleni ndefu, madereva wanakunywa chai kando ya magurudumu. Mjue mmefika Busia.

Kondakta anatangaza, "Haya, tushuke sote, hati mkononi!" Basi litavuka tupu. Ninyi mtavuka kwa miguu yenu.

Zamani msafiri alipanga foleni mara mbili: Kenya apate mhuri wa kutoka, kisha Uganda apate wa kuingia. Kati ya ofisi hizo palikuwa na mwendo, na mwenye mizigo aliumia. Vijana wa hapa wakaona riziki. Miaka ya 1960 walitwaa baiskeli, wakafunga mto wa sponji juu ya keria, wakawa wanaita abiria: "Boda! Boda!" Walikuwa wamelichukua neno la Kiingereza la mpaka na kulilainisha, maana yake nikutoe mpaka huu nikufikishe ule. Basi ukipanda bodaboda leo, iwe Mombasa au Dodoma, unatamka neno lililozaliwa kwenye mpaka huu.

Siku hizi foleni ni moja. Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia. Anayetoka Kenya hasimami tena upande wa Kenya. Anapitiliza hadi jengo la Uganda, ambamo maafisa wa nchi zote mbili wameketi jirani. Tazameni vizuri zamu yenu ikifika. Wa Kenya anagonga mhuri, mnasogea hatua chache, wa Uganda anagonga wake. Anayerudi hufanyiwa hayo hayo ndani ya jengo la Kenya. Malaba nako, kaskazini mwa hapa, ambako hata reli inavuka, utaratibu ni huo.

Lakini mpaka wenyewe uliwekwa na nani? Kabla ya 1902, hapa mliposhukia, na Kisumu, hadi karibu na Naivasha, palihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo watawala Waingereza waliutoa mkoa huo wa mashariki Uganda wakautia kwenye nchi tunayoiita Kenya. Walihamisha kwa kalamu tu. Hakuna nyumba iliyong'olewa, hakuna shamba lililosogea. Ndiyo maana Wasamia na Wateso wako pande zote mbili hadi leo. Bibi akifariki ng'ambo, wajukuu wa huku huvuka kwenda matangani, nao hawasemi wanakwenda nchi ya kigeni. Wanasema wanakwenda nyumbani.

Mkishatoka kwenye jengo, Kampala bado ni karibu kilomita 200, basi nunueni rolex kabla ya kupanda: chapati moto iliyoviringishiwa mayai na nyanya. Muuzaji akiwaambia "Mulembe", au "Yoga" ikiwa ni Mteso, muitikieni kwa heshima. Salamu hiyo hiyo mngeipata kule mlikoshukia, upande wa Kenya, na ilikuwapo kabla ya mihuri yote miwili.