Ruta ya Nyumbani na Foleni ya Likoni

Kila Jumamosi majira ya baridi, saa nne asubuhi, nyanya yangu hukaa jikoni kwetu Pickering na kumpigia dada yake simu ya WhatsApp. Mombasa wakati huo ni saa kumi na mbili jioni. Mazungumzo yao hayana haraka: nani kaolewa, nani kazikwa, nazi siku hizi ni bei gani. Januari iliyopita simu hizo ziliharibika. Sauti ilikatika, ikarudi, ikawa kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi. Nyanya akaingiwa na hofu kwamba dada yake ni mgonjwa na watu wanamficha.

"Mjukuu wangu, huyu si mzima," aliniambia. "Nikimuuliza jambo, ananyamaza kwanza ndipo anijibu."

Bibi wa Mombasa alikuwa mzima kabisa. Chanzo kilikuwa kaka yangu, chumba cha chini, na programu yake ya torenti. Kabla hamjamhukumu: alikuwa akigawa mafaili ya Linux, jambo halali. Naye alijitetea, "Mimi nilimaliza kupakua tangu jana!" Alisema kweli. Ila torenti, tangu Bram Cohen alipoibuni mwaka 2001, ina desturi ya kikoa: ukishapata fungu lako, unaendelea kuwagawia wenzako. Kupakua kulikwisha, kupakia kulikuwa ndio kwanza kumepamba moto.

(Mwalimu ametukataza kuandika neno la Kiingereza, kwa hiyo hapa ni "ruta", ngeli ya i-/zi-. Asiyeridhika amwone yeye.)

Sasa ruta yenyewe. Nyumba nzima huonekana nje kwa anwani moja tu, ingawa ndani kuna simu, kompyuta na televisheni. Ruta hushika daftari: kila mazungumzo yanayotoka huandikiwa mstari, ili jibu likirudi lijulikane ni la nani. Anayesoma gazeti mtandaoni hutumia mistari michache. Torenti huongea na mamia ya watu kwa pamoja, na hubisha hodi kwa wengine wengi ambao hawajibu kamwe. Ruta nyingi za zamani zilikuwa na kumbukumbu ndogo. Linksys WRT54G, iliyopendwa sana miaka ya 2000, ilikuwa na megabaiti 16 tu katika matoleo yake ya mwanzo. Tena mstari haufutwi upesi. Linux, inayoendesha ruta nyingi, kwa kawaida yake huacha muunganisho wa TCP ulionyamaza ukae daftarini siku 5. Daftari likijaa, mgeni mpya hapokelewi: tovuti hazifunguki, ilhali mafaili ya zamani yanaendelea kushuka kama kawaida. Watu huzima ruta na kuiwasha, daftari linafutika, wanadhani wametengeneza.

Lakini ruta yetu ni mpya, na daftari halikujaa. Ugonjwa wetu ulikuwa wa pili, nao ni mjanja zaidi, kwa sababu hakuna kinachopotea. Kinachelewa tu.

Aliyewahi kuvuka Likoni ataelewa. Malori yakipanga foleni ndefu kabla yako, haikusaidii kitu kuwa wewe umebeba kikapu cha sambusa tu. Utasubiri. Laini nyingi za nyumbani za kebo zina njia pana ya kuteremsha na nyembamba ya kupandisha. Torenti ikijaza ile nyembamba, pakiti husubiri kwenye ghala la modemu au la ruta, na watengenezaji, wakiogopa kupoteza hata pakiti moja, waliyafanya maghala hayo makubwa mno. Piga hesabu: ghala la megabaiti 1 kwenye njia ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua milisekunde 800 kumwagika. Wataalamu wa simu hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Kutoka hapa hadi Mombasa ni takriban kilomita 12,600, na mwanga ndani ya faiba ungetumia zaidi ya milisekunde 60 hata kama kebo ingenyooka kama uzi, nayo hainyooki. Nafasi iliyobaki ni ndogo, na kaka yangu aliila yote.

Jim Gettys wa Bell Labs alikutana na tatizo hili nyumbani kwake mwaka 2010 na akalipigia kelele. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, utaratibu usiotazama foleni ina urefu gani bali pakiti imesubiri muda gani. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 kwa muda mfululizo, baadhi ya pakiti hutupwa makusudi ili mtumaji apunguze kasi. Nduguye, fq_codel, huipa kila safari foleni yake, kwa hiyo kikapu cha sambusa hakikai tena nyuma ya malori.

Hapa Kanada kulikuwa na jibu jingine. Mwaka 2008 kampuni ya Bell ilipunguza kasi ya torenti ndani ya mtandao wake, hata kwa wateja wa kampuni ndogo zilizokodi laini zake. Kelele zilifika CRTC, iliyotoa kanuni Oktoba 2009: kampuni ikitaka kubana, iwaarifu wateja mapema. Mimi naona kubana torenti ni kumwadhibu dereva wa lori kwa ubovu wa foleni.

Nyumbani tulifanya mawili. Kaka alipunguza kasi ya kupakia katika programu yake na idadi ya watu anaozungumza nao. Kisha tukaweka OpenWrt kwenye ruta, tukawasha fq_codel, na tukaipangia kasi iliyo chini kidogo ya ile ya laini, ili foleni ijipange kwenye ruta inayojua kuiongoza, si kwenye modemu isiyojua.

Jumamosi iliyofuata Nyanya aliongea saa nzima na dakika kumi. Kaka alikuwa akigawa mafaili muda wote. Simu ilipokatika, ni kwa sababu bando la Mombasa lilikuwa limekwisha.