Mgeni Amefika: Chakula cha Magazini na Afya ya Nyumba Yako

Mama, jua linakaribia kushuka, na wageni watatu wako mlangoni. Ndugu za bwana wako wametoka mbali kwa miguu. Unga wa bugali uko, lakini mboga hakuna. Kumchinja kuku kutachukua wakati, na kuku wenyewe ni wachache. Ndipo unamtuma mtoto mbio magazini alete sardini mikebe miwili, mchele na sukari kidogo.

Leo wamama wengi wanafanya hivi, mjini na hata katika vijiji vya kando ya barabara. Si vibaya. Kumkaribisha mgeni ni desturi njema ya wazee wetu, na Ibrahimu naye alifanya haraka kuwapa wageni wake chakula. Lakini ni lazima ujue kuchagua mkebe, kuupika, na kuugawa. Kama hujui, chakula cha kumheshimu mgeni kinaweza kuleta ugonjwa, au kinaweza kumwacha mtoto wako na njaa ya siri.

Kwa nini chakula cha mkebe hakiozi?

Watu wengine wanafikiri kwamba ndani ya mkebe kuna dawa ya ajabu. Sivyo. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, serikali ya Ufaransa ilitafuta njia ya kuhifadhi chakula cha askari. Mtu mmoja, fundi wa kutengeneza vitu vitamu, jina lake Nicolas Appert, alitia chakula katika chupa, akaziba sana, kisha akachemsha chupa zenyewe ndani ya maji. Chakula hakikuoza. Mwaka 1810 serikali ilimpa falanka 12,000, naye akaandika kitabu ili watu wote wajue kazi yake. Mwaka ule ule, kule Uingereza, Peter Durand alipewa haki ya kutumia mikebe ya bati.

Appert hakujua sababu. Miaka karibu 50 baadaye, Louis Pasteur alionyesha kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyoozesha chakula, na moto unaviua. Basi elewa vizuri: chakula cha mkebe ni kizuri kwa sababu mbili. Vijidudu vya ndani vimekufa kwa moto, na vile vya nje havina mlango wa kuingia. Mkebe ukitoboka, ulinzi wote umekwisha.

Kuchagua mkebe

Usitoe pesa yako kabla ya kuugeuza mkebe mkononi na kuutazama pande zote.

1. Mkebe uliovimba, uuache. Ukiubonyeza nao unarudi juu, uuache. Ndani yake vijidudu vinafanya hewa. Kuna aina moja ya vijidudu inayofanya sumu kali sana. Sumu hiyo inalegeza macho, ulimi na kifua, hata mtu anashindwa kuvuta pumzi. Wakati mwingine chakula chenye sumu hii hakina harufu mbaya. Kwa hiyo usionje, hata kwa ncha ya ulimi.

2. Mkebe unaotoka maji, au wenye kutu nyingi, au uliobondeka penye maungio, uuache pia.

3. Soma tarehe. Mara nyingi iko nyuma ya herufi EXP. Ikiwa imepita, usinunue, hata kama bei imepunguzwa. Kama hujui kusoma, mwambie mtoto wa shule akusomee.

Kama umekwisha kununua mkebe mbaya, usimpe mbwa wala kuku. Uuzike katika shimo refu.

Ukifungua mkebe mzuri, osha kwanza kifuniko chake, maana panya na mende wametembea juu yake. Chakula kinachobaki kihamishe katika bakuli safi, ukifunike, kiliwe siku ile ile.

Mapishi mawili ya haraka

Mchele na sardini, kwa watu sita. Chukua vikombe vitatu vya mchele, mikebe miwili ya sardini (gramu 125 kila mmoja), vitunguu viwili, tomati nne, na fungu moja la lenga-lenga. Chagua na kuosha mchele, uupike kama kawaida. Katika sufuria nyingine mimina mafuta ya mkebe wa sardini. Usiyatupe, ni chakula. Kaanga vitunguu, tia tomati, funika mpaka zilainike. Tia lenga-lenga zilizokatwa, ngoja dakika tano. Mwisho weka sardini, uzigeuze polepole zisivunjike. Usitoe mifupa yake laini. Inaleta chokaa ya kuimarisha mifupa na meno ya watoto. Kabla ya kutia chumvi, onja, maana sardini zina chumvi yake.

Maharagi ya wageni. Ikiwa unajua kwamba wageni watakuja kesho, usikimbilie mkebe. Loweka vikombe viwili vya maharagi usiku kucha, mwaga maji yale, yapike katika maji mapya mpaka yawe laini kabisa. Kaanga kitunguu katika mawese, tia vijiko viwili vya tomati ya mkebe, kisha maharagi. Wengine wanaongeza karanga zilizosagwa, na ni tamu sana. Fahamu jambo hili: kikombe kimoja cha maharagi makavu kina chakula cha kujenga mwili kupita mkebe mmoja wa sardini. Tena sambaza kavu wa sokoni ni samaki wazuri kama wale wa mkebe. Mkebe ni msaada wa siku ya haraka. Usidharau chakula cha shamba na cha ziwa.

Kuhusu vipande vidogo vya kukoleza mchuzi vinavyouzwa magazini: karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Kipande kimoja kinatosha sufuria nzima, na ukikitumia usiongeze chumvi nyingi. Mzee mwenye ugonjwa wa damu kupanda atakushukuru. Chumvi yenyewe, nunua ile yenye iodi, uiweke katika chombo chenye kifuniko. Iodi inazuia rovu shingoni, na inalinda akili ya mtoto tangu tumboni mwa mama yake.

Nani anakula samaki?

Hapa, mama na baba, tunataka mfikiri sana. Katika nyumba nyingi wageni na wanaume wanapewa samaki, na watoto wanapewa bugali na mchuzi. Siku moja si neno. Lakini kama ni hivyo kila mara, mtoto aliyeachishwa ziwa anaanza kuvimba miguu na uso. Nywele zinageuka nyekundu, ngozi inabanduka, naye hataki kucheza tena. Watu wanasema, amenenepa. Hakunenepa; maji yamejaa mwilini. Ugonjwa huu unaitwa kwashiorkor, na katika Kivu wengine wanauita bwaki. Unaua watoto. Ukiona alama hizo, usingoje. Mpeleke mtoto hospitali.

Basi, kabla ya kupeleka chakula kwa wageni, tia sehemu ya mtoto katika sahani yake mwenyewe: bugali kidogo, samaki au maharagi, na majani. Katika sahani ya watu wengi mikono mikubwa inashinda mikono midogo. Mgeni mwenye hekima hatakasirika akiona mtoto amekula. Na wewe baba, ukisema neno hili mbele ya ndugu zako, bibi yako hataona haya kulifanya.

Soda na biskuti si chakula cha heshima. Chupa moja ya soda ina sukari karibu vijiko vidogo nane. Kwa bei ya chupa chache utapata mayai au karanga za nyumba nzima. Mpe mgeni chai, au maji yaliyochemshwa na kupozwa, pamoja na ndizi au papai.

Maziwa ya mkebe

Maziwa mazito yenye sukari ni mazuri katika chai ya watu wakubwa. Lakini usimpe mtoto mchanga maziwa hayo, wala ya unga yanayouzwa kwa chai. Mtoto huyo anyonye ziwa la mama peke yake mpaka miezi sita, bila maji wala uji. Baada ya hapo ale vyakula laini, akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Picha ya mtoto mnene juu ya mkebe haimnenepeshi mtoto wako. Kama mama hana maziwa, au amekufa, uliza munganga kwanza.

Kabla ya kula

Usipitishe beseni moja ambamo wote wanachovya mikono. Wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Mtoto amwagie kila mtu maji kutoka chombo, na sabuni iwepo. Hivi tunafunga mlango wa kolera na wa kuhara. Kisha mwombe pamoja, mle.

Marta alihangaika na mapishi mpaka akasumbuka moyoni. Chakula chepesi kilichopikwa vizuri kinakupa nafasi ya kukaa na wageni wako na kusikia habari zao.

Maswali ya kuulizana

1. Mkebe uliovimba unaonyesha nini? Utaufanyia nini?
2. Kwa nini tunampa mtoto sahani yake mwenyewe?
3. Taja alama nne za kwashiorkor.
4. Wiki hii mgeni akija, utampikia nini, na mtoto wako atapata nini?