Kitufe Kidogo Kwenye Tovuti Yetu



Katika kikao cha kamati za sharika kilichofanyika Kibiti baada ya mafuriko ya Aprili 2024, mjumbe mmoja kutoka upande wa delta alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake papo hapo. Alikuwa amefungua kwa simu ukurasa wa tovuti yetu unaoeleza msaada wa mbegu kwa walioathirika, na kuanzia jioni ile matangazo ya mikopo yakawa yanamjia kila alipofungua kurasa nyingine. "Nani kawaambia kuwa shamba langu limezama?" aliuliza. Wajumbe walicheka. Sisi tulicheka kidogo tu, maana tovuti ni yetu.

Tulimwomba fundi aikague. Alikuta kitufe cha mtandao mmoja wa kijamii pamoja na programu ndogo ya kuhesabu wageni, vyote vimewekwa siku tovuti ilipotengenezwa, bila ofisi kuvijadili. Hatuwezi kuthibitisha kuwa matangazo yale yalitokana na ukurasa wetu, lakini mlango ulikuwa wazi.

Jambo lenyewe huenda hivi. Msomaji anapofungua ukurasa, simu yake haichukui maneno na picha kutoka kwetu peke yetu. Kitufe kile huletwa moja kwa moja na kampuni yenye nacho, na katika kuletwa huko kampuni hupata anwani ya simu kwenye intaneti na jina la ukurasa unaosomwa. Mara nyingi pia huweka ndani ya simu faili dogo lenye namba, liitwalo kidakuzi. Ni kama mtu asimame gatini Nyamisati akimpa kila abiria namba, na mwenzake asimame sokoni Kibiti, na mwingine mlangoni mwa zahanati, wote wakiandika namba hizo kwenye daftari moja. Hawajauliza jina la mtu, lakini baada ya mwezi wanajua anakokwenda na anachougua.

Je, mwenye tovuti anahusika, au alaumiwe mwenye kitufe? Swali hilo lilifikishwa katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kuhusu duka la nguo la Ujerumani liitwalo Fashion ID lililoweka kitufe cha Facebook kwenye tovuti yake. Taarifa za wageni zilikuwa zikitumwa hata kama mgeni hakubonyeza kitufe, na hata kama hakuwa mwanachama wa Facebook. Tarehe 29 Julai 2019 Mahakama iliamua kuwa duka linawajibika pamoja na Facebook kwa kukusanya na kutuma taarifa hizo, ingawa si kwa yale ambayo Facebook inayafanya nazo baadaye. Oktoba mwaka huohuo, katika shauri jingine, Mahakama hiyo ilisema kisanduku kilichokwisha kuwekwa alama ya kukubali si ridhaa. Wafadhili wetu wa Ujerumani wanayafahamu haya, kwani Kanisa la Kiinjili la huko lina sheria yake lenyewe ya ulinzi wa taarifa, iliyoanza kutumika Mei 2018.

Hapa nchini tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa binafsi, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni pamoja na namba au alama yoyote ya utambulisho aliyopewa mtu. Kwa maoni yetu namba ya kidakuzi inaingia humo. Imani ya dini na afya zimewekwa katika taarifa nyeti, ambazo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu.

Kipengele cha imani kilitusumbua kuliko vyote. Katika vijiji vya delta Wakristo ni wachache, na anayesoma kurasa za usharika anakuwa ameonyesha dini yake. Wakazi wa Kibiti na Rufiji hawajasahau mwaka 2017, viongozi wa vijiji na askari polisi walipouawa. Hadi leo baadhi yao husita kuandikwa kwenye daftari la mradi kabla hawajaambiwa daftari linakwenda wapi. Tunawaeleza kwa subira, nao hukubali. Kumbe tovuti yetu ilikuwa inaandika bila kuuliza!

Kitufe tumekiondoa, na programu ile pia. Mahali pake tunahesabu tu idadi ya mara ukurasa ulipofunguliwa, bila kuweka namba katika simu ya mtu. Wafadhili watambue kuwa taarifa zetu za robo mwaka hazitaonyesha tena wasomaji wametoka mji gani wala wamekaa ukurasani dakika ngapi. Takwimu hizo zilipendeza kwenye ripoti, nasi tulizifurahia.

Sharika zenye kurasa zao wenyewe zimwite fundi wao na kumwuliza swali moja: ukurasa huu ukifunguliwa, simu ya msomaji inawasiliana na nani mwingine zaidi yetu? Majibu yaletwe kwa maandishi katika ofisi ya miradi kabla ya kikao kijacho cha kamati. Pale ambapo fundi hapatikani, kama ilivyo kwa sharika za visiwani, tutakuja na wa kwetu safari ya boti itakapopangwa.