Mpungate: Pambo la Ua Lenye Miiba Usiyoiona

Mpungate, au dungusi kakati kama wengine wauitavyo, hupandwa katika nyua nyingi za mijini kwa sababu hauhitaji maji mengi, na mwizi huuogopa. Ukitaka kuupanda, kata bapa moja, liache kivulini wiki moja au mbili hadi mahali lilipokatwa pakauke, kisha lisimamishe katika udongo wa mchanga usiotuamisha maji. Ni hayo tu. Shida iko kwingine.

Miiba mirefu unaiona, nawe utaiepuka. Inayosumbua zaidi ni ile midogo, myembamba kama unywele, iliyokaa vishada vishada juu ya bapa na juu ya tunda. Ina vikulabu, kwa hivyo ikiingia haitoki kwa urahisi. Hata mpungate usio na miiba mirefu unayo hii midogo. Basi usiupande karibu na kijia, kamba ya nguo au mahali watoto wanapochezea.

Mtoto akiushika, usimsugue wala usijaribu kuing'oa kwa meno, itakuhamia ulimini. Kwanza ng'oa vishada kwa kibanio cha nyusi. Kisha mpake gundi nyeupe ya shule, tandaza kitambaa chepesi cha bandeji juu yake, ngoja ikauke kabisa, ubandue. Mingi iliyosalia hutoka nayo. Ikiingia jichoni, usilifikiche. Nenda hospitali mara moja. Ngozi ikivimba na kutoa usaha, mwone daktari, na umweleze ulidungwa lini sindano ya pepopunda.

Tunda lenyewe ni chakula kizuri, lina vitamini C na nyuzinyuzi. Lishike kwa koleo, lipitishe motoni kuunguza miiba, ndipo umenye. Mbegu zake ni ngumu, na anayekula mengi mno anaweza kufunga choo vibaya. Wapo wanaodai kwamba mabapa yake hutibu kisukari. Yanaweza kweli kushusha sukari ya damu, na ndiyo sababu mgonjwa anayetumia dawa asiyale ovyo bila kumwambia daktari wake, wala asiache dawa.

Ukiupogoa, usitupe mabaki kiholela, maana kila bapa huota mizizi. Waulize wafugaji wa Laikipia, ambako aina iitwayo Opuntia stricta, yenye asili ya Amerika, imemeza malisho. Mbuzi wanaokula matunda yake hupata vidonda mdomoni na tumboni, na wengine hupofuka. Mabaki yako yachimbie shimo refu uyafukie.